Baba Mkwe Ameifungia Saruji Chemchemi ya Maji Moto, na Wageni Wako Njiani

Mama Nathanaeli, shikamoo. Miaka yote hii nimekuwa nikisoma gazetini majibu yako kwa wenzangu huku nacheka peke yangu jikoni, sikujua kama iko siku nitakuhitaji mimi mwenyewe, na leo nakuhitaji haraka kwa sababu nina furaha inayonikosesha usingizi, na ndani ya furaha hiyo kuna mwiba, na nisipopata mtu wa kunishauri nitafanya jambo la ajabu.

Mimi ni mwanamke wa Ileje, nimeolewa huku milimani juu ya Isongole, tunalima kahawa na mahindi, na nyuma ya shamba letu kuna chemchemi ya maji moto. Si moto wa kuchemsha yai, ni moto wa kukufanya uache kulalamika mgongo. Maji yanatoka chini ya mwamba halafu yanatambaa kwenye mteremko, na pale yanapotambaa yamejijengea ngazi, Mama Nathanaeli, ngazi za jiwe kabisa, moja chini ya nyingine, kila ngazi ina kidimbwi chake kama sahani, nyeupe kwenye kingo na rangi ya asali katikati, na asubuhi kukiwa na baridi mvuke unapanda hadi unasahau kwamba ulikuwa umefuata kuni. Sisi tulikuwa tunaloweka miguu tu baada ya palizi, tunarudi nyumbani kupika, basi. Hatukujua kama ni kitu.

Halafu mgeni mmoja aliyekuja kwenye harusi kutoka Tunduma akapiga video na kuirusha kwenye simu, na watu wakaanza kuja, kwanza wachache kwa bodaboda, baadaye magari, mpaka Wazambia kutoka ng'ambo ya mpaka, mama mmoja aliingiza miguu kwenye kidimbwi akafumba macho akawa anasema chawama, chawama, yaani pazuri, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikajisikia kama nimepika mimi. Kijiji kikaunda kamati ya utalii, nikachaguliwa kuwa mwongoza wageni, kwa sababu walisema hakuna anayeongea kunizidi. Nikapelekwa semina ya mwezi mzima Mlowo, na kule kuna mtaalamu wa miamba anaitwa dada Ruti, akatupandisha gari kwenda Ndolezi kuona Kimondo, na niliposimama mbele ya lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani nikalia machozi mbele za watu, kwa sababu nilijiambia kumbe sisi wa Songwe tunapita kila siku kando ya vitu ambavyo wenzetu wanapanda ndege kuja kuvitazama.

Ni dada Ruti aliyetufundisha kwamba zile ngazi zetu zinajengwa na maji yenyewe. Yanatoka ardhini yamebeba jiwe lililoyeyuka, yakikutana na hewa yanaliacha kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ngazi ziko hai na zinakua. Maji yakiondolewa, jiwe linakauka, linapauka, mwisho linapukutika. Yakirudishwa mapema, kazi inaendelea. Yakichelewa, hakuna fundi duniani wa kuzirudisha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, nikawa namweleza kila ninayekutana naye njiani, hata aliyekuwa na haraka ya mnadani.

Sasa mwiba.

Baba mkwe wangu ni fundi mwashi na ni mzee wa kanisa. Jina lake siwezi kuliandika hata hapa, wewe unaelewa. Yeye ndiye aliyejengea karibu chemchemi zote za maji baridi kwenye milima yetu, anazungushia ukuta, anafunika kwa saruji, anatoa bomba chini, anachora mwaka kwa msumari kabla haijakauka, na tangu ameanza kazi hiyo watoto wetu hawaharishi ovyo kama zamani. Watu wanamheshimu kwa haki kabisa. Basi wageni walipozidi, wengine wakawa wanapanda kwenye ngazi na viatu vya matope, wengine wanafua, wengine wanajisugua kwa sabuni na watoto wao juu kabisa pale maji yanapotokea, baba mkwe akaumia. Nilikuwa Mlowo kwenye semina. Akafanya anachokijua. Akaiwekea chemchemi sanduku la saruji kama zile nyingine, akatoa bomba pembeni hadi kwenye bwawa zuri la kuogea alilojenga kule kando, lenye ukuta wa wanaume na ukuta wa wanawake. Niliporudi lilikuwa limeshakamilika, mchungaji amekuja kuombea, watu wanaimba, na mimi, Mama Nathanaeli, nilipiga vigelegele. Nilipiga kweli. Sikuwaza chochote, niliona tu bwawa linang'aa.

Hazikupita wiki nyingi, ngazi zikawa kavu. Ile asali ikaondoka. Kingo zikawa kijivu kama jivu la magunzi, na nilipogusa moja kwa kidole kipande kikabaki mkononi mwangu. Nilikaa chini palepale.

Na ndipo zikaja habari za furaha, na hapa ndipo utaona kwamba akili yangu inagawanyika, kwa sababu dada Ruti alipiga simu kusema kwamba anakuja mwezi ujao na basi zima la wageni na wenzake wa utalii, wanatengeneza njia moja ya kutembelea maajabu ya miamba, mtu aanzie Kimondo, aje huku kwetu, alale kwetu, ale chakula chetu, na wakiridhika sisi tutaingizwa. Kijiji kizima kilipiga kelele! Akina mama wameshagawana nani atapika ndizi na nani ataimba. Binti yangu Ipyana amejifunza kusema karibuni kwa Kiingereza na anamkaribisha kila mtu, mpaka mbuzi.

Na baba mkwe, alipoona ngazi zimepauka, akanunua chokaa. Akawapa vijana wa kwaya, wakazipaka zote kwa ufagio, kuanzia juu hadi chini, kama tunavyopaka mawe ya njiani askofu anapokuja. Sasa ngazi ni nyeupe pee. Watu wanapita wanasema, "Hee, kumependeza kama kwa askofu!" Mimi nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Nimemwambia mume wangu Ambilikile. Akaniambia, "Mama Ipyana, unataka mimi niende nikamwambie mzee amekosea? Kitu kimeshaombewa? Wageni wanakuja kupiga picha, na cheupe kinatoka vizuri kwenye picha. Acha." Mwenzangu kwenye kamati, Pendo, yeye anasema, "Dada, nyundo ninayo. Jumapili mzee akiwa ibadani tunalivunja lile sanduku la saruji, tunasema limepasuka lenyewe." Na mimi siwezi kumwambia baba mkwe kwa sababu sijawahi kuongea naye maishani mwangu. Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe, hamsemeshi wala halitamki jina lake, nikimwona anakuja njiani natoka, naingia kwenye mibuni, nachuchumaa na kanga kichwani mpaka apite. Nimezaa watoto kwenye boma lake na sauti yake naijua kwa kuisikia akikohoa. Mimi ndiye ninayeongea kuliko wote kijijini, na mtu mmoja ninayetakiwa kuongea naye ndiye nisiyeruhusiwa.

Naomba unishauri, Mama. Nikinyamaza, ngazi zinakufa na dada Ruti atakuta tumepaka rangi maiti. Nikisema, nitakuwa mkwe aliyemvunjia heshima mzee, na huku kwetu jambo hilo halisahauliki hata kwa wajukuu. Nifanye nini, na nifanye haraka?

Gwalugano, Ileje

*

MAMA NATHANAELI ANAJIBU

Gwalugano, binti yangu, marahaba! Umenifanya nisimame hapa dukani kwangu Mlowo nikiwa na barua mkononi, mteja anataka sukari namwambia subiri kwanza, kuna ngazi zinaninyima raha. Jina lako nimelibadilisha, kwa hiyo akina Gwalugano wengine wa Ileje msianze kunipigia simu.

Kwanza nifurahi na wewe, maana nikianza kukugombeza sitakumbuka tena. Hongera! Ulilia mbele ya Kimondo, vizuri, mimi nimeishi Mbozi mpaka nina mvi na nilikwenda kukiona mara ya kwanza nilipopata mgeni kutoka Morogoro aliyenilazimisha. Mnacho kitu mlichopewa bure, kinachokua chenyewe usiku na mchana, na basi linakuja. Hiyo ni neema, ichukue kwa mikono miwili.

Haya, sasa kaa.

Ulipiga vigelegele! Umetoka semina siku hiyohiyo, umefundishwa kwamba maji ndiyo yanayojenga jiwe, unafika unakuta maji yametiwa bomba, unapiga vigelegele. Sikulaumu kwa kuchelewa kujua, nakulaumu kwa kuchelewa kukubali. Umekaa wiki na wiki ukitazama zile ngazi zinapauka, unamweleza mpita njia, unamweleza Pendo, unaniandikia mimi nisiyekujua, na mtu ambaye mila inakuruhusu kuongea naye asubuhi, mchana na jioni hujamwambia hata neno. Mama mkwe wako yuko wapi kwenye barua hii? Nimeisoma mara mbili nikimtafuta. Hayupo! Umemwandika mbuzi, mama mkwe hukumwandika.

Mwanangu, mimi pia nimeolewa kwenye boma lenye mila hiyo. Nimechuchumaa kwenye mibuni mpaka magoti yakajua njia. Najua inavyokuwa. Lakini wazee waliotuwekea desturi ile hawakuwa wajinga, walijua iko siku mkwe atakuwa na neno la maana, ndiyo maana mama mkwe hakuzuiwa. Neno lako linapita kwake. Ukisema mila imekufunga mdomo ilhali mlango uko wazi, hiyo si mila tena, huo ni woga umevaa kanga.

Na mumeo Ambilikile mwambie nimemsikia. Eti cheupe kinatoka vizuri kwenye picha. Mwambie hao wageni si wapiga picha za kipaimara. Huyo Ruti anasoma miamba kama wewe unavyosoma mbuni unaoumwa, atashuka kwenye basi, atatazama mara moja tu, na mtakuwa mmeshajulikana kuwa ni kijiji kinachopaka rangi. Mmepaka chokaa juu ya jiwe ambalo lenyewe ni chokaa! Nilicheka, nisamehe, nilicheka mpaka mteja wa sukari naye akacheka bila kujua kitu.

Pendo naye aiweke nyundo yake chini. Mpende rafiki yako lakini usimfuate. Mkivunja kwa kuvizia mtaangusha vipande vya saruji juu ya ngazi zilizokwisha kuwa dhaifu, mtaua mnachotaka kuokoa. Tena mtamvunja mzee. Mtu amejengea maji milima mizima, watoto wameacha kuumwa, halafu anatoka ibadani anakuta kazi yake imesambazwa chini kama kibanda cha mwizi. Hapo ndipo utakapokuwa umekosa heshima kweli, hata kama hukumtazama usoni.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna kitu kiko kwenye barua yako na hukukiona.

Unaandika kwamba mzee alipoona ngazi zimepauka, akanunua chokaa. Gwalugano! Aliona. Hakuambiwa na mtu, alikwenda mwenyewe, akatazama, akajua kuna kitu kimeharibika, na akaumia kiasi cha kutoa fedha yake mfukoni. Mtu mkaidi haendi kununua chokaa, mtu mkaidi anasema ziko sawa. Huyu mzee anajua ngazi zinakufa ila hajui kwa nini, kwa kuwa kwenye maji baridi alifanya hivyohivyo na kila kitu kikastawi. Na kwenye boma lake kuna mtu mmoja tu aliyefundishwa habari za maji haya, naye ni mkwewe, na yeye haruhusiwi kumuuliza. Wewe umekaa unalia kwamba mila imekufunga wewe. Imemfunga na yeye, mwanangu. Yuko upande wa pili wa mibuni ileile, ana swali na hana wa kumuuliza.

Basi fanya hivi, na usisubiri Jumapili.

Kesho mkiwa mnachambua kahawa au mnapukuchua mahindi, kaa na mama mkwe wako. Usianze na kosa. Anza na furaha, basi linakuja, wageni watalala kwetu, mama ataonja sifa. Kisha mwambie kwamba maji haya hayafanani na yale mengine, haya yanajenga, yakifungiwa yanashindwa kufanya kazi, na wa kuyafungulia bila kuumiza jiwe ni yule aliyeyafunga, kwa sababu yeye ndiye anayejua kila tofali liko wapi. Usimpelekee mzee hukumu, mpelekee kazi. Mafundi hawakatai kazi. Mama mkwe atajua saa ya kusema, atasubiri mzee ashibe kwanza, hilo usimfundishe.

Halafu mpigie Ruti leo hiihii, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Mwambie ukweli wote pamoja na chokaa. Utaona aibu, itapita. Mtaalamu akiambiwa mapema anakuwa mwenzenu, akigundua mwenyewe anakuwa hakimu. Mwombe awaelekeze namna ya kufungua pole pole, maji yarudi kwenye mkondo wake bila kufumua mteremko. Na hiyo chokaa mtu asiiguse kwa brashi ya chuma wala kwa sabuni, mtakwangua na jiwe lenyewe. Muulizeni yeye, na kama atasema iachwe maji na mvua vifanye kazi, iachwe, hata kama kwaya itanuna.

Lakini usidhani kufungua maji kunatosha. Mzee alikuwa na haki, na hilo uliseme kwa mama mkwe kwa sauti! Viatu vya matope, sabuni, kufulia juu ya ngazi, vile vyote vingeziua pia, polepole zaidi tu. Wewe mwongoza wageni ulikuwa wapi? Ulikuwa unafurahia magari. Wageni wengi bila utaratibu ni kama ng'ombe kwenye shamba la maharage, hata wawe wa jirani mwema. Kwa hiyo kamati ikae na iweke utaratibu sasa. Hakuna mtu kukanyaga ngazi, awe na viatu au hana, mgeni au mwenyeji. Hakuna sabuni huko juu. Hakuna kumegua kipande kupeleka nyumbani kwa ukumbusho, hata akikupa maneno matamu. Waingie kundi dogo dogo na mtu wa kijiji mbele yao, wengine wasubiri wakinywa kahawa yenu, na hapo kahawa yenu itapata wateja. Choo kiwe mbali na maji. Na mkiona ngazi zimechoka, mzifungie wageni kwa muda, msione haya, shamba nalo hupumzishwa.

Lile bwawa zuri la mzee lisivunjwe. Zile kuta za wanaume na wanawake ni kazi ya mtu mwenye adabu. Ila linywe mwisho. Maji yapite kwanza kwenye ngazi, yafanye kazi yake ya kujenga, yakifika chini kabisa ndipo yaingie bwawani, na watu waoge hapo mpaka waseme chawama. Mwombeni mzee ahamishe mfereji. Mwombeni pia ajenge njia ya mawe kando ya mteremko na ukingo wa kushika, watu watembee waone kila ngazi bila kuigusa. Hiyo kazi ni kubwa, ni ya fundi mkuu, na haina mwingine wa kuifanya. Achore na mwaka wake kwa msumari.

Mama mkwe akishalifikisha neno lako, msiharakishe. Mzee atakwenda kwenye chemchemi peke yake kwanza. Mwacheni akae nayo. Ambilikile ndiye amfuate, safari hii si kumwambia amekosea, ni kumbebea nyundo na patasi na kufanya anachoambiwa. Kijana aliyeogopa kumwambia baba yake neno anaweza angalau kumshikia ndoo.

Na basi likifika hata kama ngazi bado ni nusu nyeupe ya chokaa na nusu kijivu, usijifiche jikoni. Maji yatakuwa yameanza kutambaa, na watu wa miamba watafurahi kuona jiwe linavyorudiwa na uhai kuliko wangefurahi kukuta limekamilika. Simama juu pale uwaeleze. Waambie maji haya yalifungwa kwa upendo, kwa ajili ya usafi, na aliyeyafunga ndiye aliyeyafungua kwa mkono wake, na njia wanayoikanyaga ameijenga yeye. Jina lake huwezi kulitaja, basi usilitaje, sema fundi wetu. Hutakuwa umemtazama wala kumsemesha, utakuwa unaongea na wageni, na mila itakuwa palepale ilipokuwa. Ila sema kwa sauti, binti yangu, usijibanebane, kwa sababu mzee atakuwa amesimama mahali fulani nyuma ya mibuni anasikiliza, na tangu umeolewa hajawahi kukusikia ukimshukuru.